Njia ya Ngamia

Njia hii inaanzia kwenye friza mjini Brussels, mwaka 1989. Wanafunzi wa Vrije Universiteit Brussel walipewa zoezi la kawaida kabisa: kutenganisha kingamwili za damu ya binadamu. Wakasita. Miaka ile damu ya mtu mwingine iliogopwa, na kuua panya kwa ajili ya zoezi tu hawakutaka. Ndipo Profesa Raymond Hamers akatoa seramu ya ngamia, masalio ya utafiti wa tripanosoma, vimelea ambao jamaa zao huleta malale kwa watu. Mfugaji wa Marsabit haelezwi ugonjwa ambao vimelea hao huuleta kwa ngamia: mnyama hukonda, nundu ikanywea, na pange huuhamisha toka mnyama hadi mnyama.

Seramu ikatoa kingamwili za kawaida, zenye minyororo miwili mizito na miwili myepesi. Lakini kulikuwa na nyingine, ndogo zaidi, zisizo na mnyororo mwepesi hata mmoja. Ingekuwa rahisi kusema seramu imeharibika kwa kukaa, vyombo vikaoshwa, watu wakaenda zao. Hamers, Cécile Casterman na wenzao wakaendelea kuchimba, na mwaka 1993 wakaandika katika jarida la Nature kwamba ngamia ndivyo alivyoumbwa.

Ukikata ncha ya kingamwili hiyo unabaki na kipande chenye uzito wa takriban moja ya kumi ya kingamwili nzima, na bado kinanasa kile kinachokitafuta. Kikaja kuitwa nanobodi.

Hapo njia inagawanyika. Tawi moja linakwenda Munich, ambako mwaka 2006 kikundi cha Heinrich Leonhardt kiliunganisha kipande hicho na protini inayong'aa, kisha kikaiachia seli iliyo hai ijitengenezee mchanganyiko huo ndani mwake. Chini ya hadubini, taa ikawa inatembea pamoja na kitu inachokifuata.

Tawi la pili ndilo linalonivutia zaidi, maana linarudi Brussels, kwenye kupiga picha za saratani mwilini kwa alama za mionzi, na suala lake ni saa. Galiamu-68 hupoteza nusu ya mionzi yake kila baada ya dakika 68. Kingamwili nzima huzunguka kwenye damu kwa siku kadhaa. Ukiibandika galiamu, alama itakuwa imezimika kabla picha haijasafika. Ndiyo maana hubandikwa zirkoniamu-89, ambayo nusu yake huchukua zaidi ya siku tatu, na mgonjwa huambiwa arudi siku nyingine. Nanobodi haina haja ya kusubiriwa. Katika jaribio la huko Brussels lililochapishwa mwaka 2016, wanawake 20 wenye saratani ya matiti walichomwa nanobodi yenye galiamu, inayotafuta protini ya HER2. Dakika 90 zilitosha kupata picha.

Kinachobaki bila kunasa hutokea kwenye mkojo. Kwa hiyo katika picha za namna hii figo huwaka kama karabai mbili, kibofu nacho kinang'aa chini yake, na daktari hulazimika kuupita mwanga wote huo, akitafuta kitone kimoja kwapani.