Ifahamu ndege iliyopita juu ya kifusi cha Septemba 11, siku ambayo bosi alisema hewa ni salama

Mtu wangu, picha za Septemba 11, 2001 kule New York umeziona sana: majengo pacha yanaanguka, vumbi linakimbiza watu barabarani. Ila kuna ndege ndogo iliyopita juu ya kifusi kile siku tano baadaye, na hiyo wengi hawaijui kabisa.

Ilikuwa Twin Otter iliyobeba skana ya NASA inayoitwa AVIRIS, na walioiomba ni mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA. Kamera ya simu yako inagawa mwanga kwenye rangi tatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Skana hii inaugawa mara 224, zikiwemo rangi ambazo jicho letu halizioni. Zege, jasi na asbesto kila kimoja kinarudisha mwanga kivyake, kwa hiyo mashine inavitofautisha ikiwa angani. Kitu chenye moto nacho kinajianika chenyewe.

Septemba 16 ilionyesha sehemu zaidi ya 30 zenye moto kwenye kifusi, nyingine zimepita nyuzi joto 400 za Selsiasi. Ikarudi tarehe 18, 22 na 23. Hiyo siku ya mwisho zilibaki nne au tano hivi.

Sasa njoo kwenye vumbi. Tarehe 17 na 18 wanajiolojia waliingia mtaani, wakachota sampuli sehemu 35 ili kuhakiki kilichoonekana juu. Maabara ikakuta zege iliyosagika, nyuzi za kioo, na chembe za asbesto kwenye sampuli nyingi. Ukilichanganya na maji, vumbi lenyewe linakuwa kali kama magadi.

Cheki hii sasa: Septemba 18 hiyohiyo, ndege ikiwa bado kazini, bosi wa EPA akawatangazia wakazi kuwa hewa yao ni salama kuvuta! Mwaka 2003 mkaguzi wa EPA yenyewe akaandika kwamba siku ile hawakuwa na data za kutosha kusema vile. Waokoaji kibao walishafanya kazi pale bila barakoa za maana. Maelfu wakaugua, na sheria ya kuwatibu ikaja kusainiwa Januari 2011.

Yaani mtu anaita kipimo, halafu anatangaza majibu kabla kipimo hakijatoka. Ungekuwa wewe umeshika ndoo pale kwenye kifusi, ungevaa barakoa au ungemwamini bosi?