Maneno ya Hali Tatu za Vitu na Watoto Wadogo wa Karatu na Ngorongoro

Serikali ya Tanzania ilipoamua mwaka 1967 kwamba masomo ya shule za msingi yafundishwe kwa Kiswahili mpaka madarasa ya juu, lugha hii ilitwikwa mzigo mpya wa sayansi. Mwaka uo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa. Na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, ilikuwa imekwisha kurithi kazi ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Jitihada hizo zilizaa, pamoja na mengine, kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa mwaka 1990. Maneno ya hali tatu za maada yalikuwa miongoni mwa yaliyotakiwa mapema, na hata leo vitabu havipatani: hiki chasema yabisi, kile mango, hiki kimiminika, kile kiowevu, katika gesi tu ndimo wote wamekubaliana.

Watungaji wa istilahi hizo walikuwa wakimwazia mwanafunzi aliyekwisha kujua kusoma. Lakini sera ya elimu ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa shule, na ile ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu hiyo kuwa wa lazima. Basi maneno yakateremka mpaka kwa mtoto wa miaka mitano. Huko Karatu wengi wa watoto hao huletwa shule wakisema Kiiraqw, lugha ya Kikushi isiyo na undugu na Kiswahili. Huko Ngorongoro wengi husema Kimaasai. Kwao Kiswahili chenyewe ni somo, hata kabla ya jiwe na maji.

Yafaa kuyapima maneno hayo kwa sikio la mtoto. Yabisi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni ukavu. Hata ugonjwa wa viungo huitwa baridi yabisi. Sasa jiwe lililolowa mvua, je, si yabisi tena? Mango, katika kamusi za zamani, ni jiwe gumu la mviringo la kulainishia vitu. Hilo lina sura ya kushikika, nalo lingemfaa mtoto zaidi kama angekuwa amepata kuliona.

Kimiminika lina hatari yake. Neno lajieleza lenyewe, maana latokana na kumimina. Ila mtoto wa Karatu humimina mahindi, humimina unga, na humimina mchanga siku nzima. Karibu na Oldupai liko tuta la majivu meusi ya volkeno ambalo upepo hulisukuma, na mwendo wake hukadiriwa kuwa mita 15 hadi 17 kwa mwaka. Kitu chenye kuhama na kumiminika hivyo, mtoto atakataaje kukiita kimiminika? Mwalimu hana budi kumwonyesha punje moja katika kiganja, kwamba umbo lake halibadiliki, kisha tone la maji kando yake. Kiowevu laepuka kosa hilo kwa kutaja kulowa, ingawa mafuta ya kupikia hayasemwi kuwa yamelowa.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, haumo katika majina. Umo katika kitenzi cha siku zote, kuganda. Kiswahili husema maji yameganda, samli imeganda, damu imeganda, na maziwa yameganda. Mtoto wa wafugaji ayajua maziwa ya mgando kuliko barafu, na ajua kwamba hayarudi kuwa maziwa mabichi hata yakipashwa moto. Akiambiwa kuwa maji huganda, atadhani yameharibika moja kwa moja. Samli ndiyo yenye kumwokoa. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi kali. Samli iliyolala humo huamka ngumu, ikaribishwapo motoni huyeyuka, ikiachwa huganda tena. Somo zima limo katika chombo kimoja, wala hapana haja ya kuagiza barafu mjini.

Shida ya kutaja maji magumu ni ya kale. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro, aliyemwongoza njia hakukitaja kwa jina la kitu. Alisema kuwa adhani ni baridi. Wataalamu wa Ulaya walibishana miaka mingi juu ya theluji hiyo. Yule kiongozi alikuwa ametaja sababu badala ya kitu, na mtoto mdogo hufanya vivyo hivyo.

Gesi ni jambo jingine. Neno hilo lilibuniwa katika karne ya 17 na Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya machafuko; hivyo ni geni hata kwa watoto wa Ulaya. Nyumbani mtoto anayo hewa, upepo, moshi, mvuke na ukungu, na hapo mwalimu huteleza kwa urahisi. Ukungu uzibao ukingo wa kreta asubuhi huonyeshwa kuwa ni mfano wa gesi, kumbe ni vitone vya maji, sawa na wingu jeupe juu ya sufuria. Mvuke wenyewe hauonekani. Heri mfuko mtupu uliopulizwa na kufungwa: mtoto hubonyeza, nao humsukuma mkono.

Kaskazini, ndani ya Wilaya ya Ngorongoro, uko Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Zaha yake, ambayo J. B. Dawson aliieleza mwaka 1962 baada ya kuichunguza mwaka 1960, hutiririka kwa joto la digrii 500 hadi 600 tu, nyepesi kama mafuta na nyeusi. Hukauka ikawa mwamba, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Watoto wanaokulia chini yake wameona moshi wake na majivu yake kabla hawajasikia neno maada.