Masikio Yaliyobaki Kiwandani

Mjomba wangu hukosea namba mbili tu: sita na tisa. Mwambie pale Nyamisati kwamba kilo ya kamba ni shilingi elfu tisa, naye atakuhesabia elfu sita. Wachuuzi wasiomjua humwona mjanja. Sisi jamaa zake tulisema ni uzee, na tulisema hivyo kwa miaka mingi kabla sijatambua kwamba hilo ni suala la historia ya viwanda vyetu.

Irabu za maneno hayo mawili ni zilezile; kinachoyatenganisha ni mpangilio wa s na t, konsonanti zinazobebwa na sauti nyembamba za juu. Kelele za muda mrefu huua kwanza usikivu wa sauti hizo. Ndani kabisa ya sikio zimo seli zenye vinyweleo, nazo zikifa haziоti tena. Mtu huendelea kusikia radi na injini ya boti, lakini maneno humfikia yakiwa yamemomonyoka.

Vijana wa Rufiji wamekuwa wakienda Dar es Salaam kutafuta kazi kwa vizazi kadhaa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilijenga viwanda vya umma kwa kasi, vikiwamo vya nguo. Huku Rufiji, mafuriko ya 1968 yalifuatwa na operesheni ya kuwahamisha watu kutoka bondeni. Mjomba aliondoka delta katikati ya miaka ya 1970, akaajiriwa kuwa mfumaji katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, akakaa humo takriban miaka ishirini. Anasimulia kwamba katika chumba cha kufumia walisemezana kwa ishara za mikono na kutazamana midomo. Akitoka zamu, masikio yalimlia mpaka usiku. Wakongwe wakamwambia atazoea. Akazoea, na huko kuzoea ndiko kulikokuwa kupoteza usikivu.

Haikuwa siri. Mwanzoni mwa karne ya 18 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alieleza jinsi wafua shaba wa Venice walivyopoteza usikivu. Mwaka 1886 Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 wa kuunda mitungi ya mvuke, kisha akawalinganisha na watu wa kazi nyingine, wakiwamo wagawa barua. Robo tatu hivi ya mafundi hao walipata shida kusikia kwenye mikutano ya hadhara. Kwa wagawa barua hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Leo kipimo kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda wa salama hupungua kwa nusu. Penye desibeli 94 ni saa moja tu. Vyumba vya kufumia vya enzi ile vilipita hapo kwa urahisi.

Sheria yetu ya Viwanda ya 1950 ilizaliwa katika fikra ya ajali: mkanda usiofunikwa, kidole kilichokatika. Kidole kina tarehe, damu na shahidi. Sikio halina. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, iliyochukua nafasi yake, inadai wafanyakazi wapimwe afya, nayo ni hatua kubwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kukusanya michango Julai 2015. Wakati huo mjomba alikwisharudi delta zamani, akiwa na barua ya kuachishwa kazi na bila karatasi yoyote inayosema aliingia kiwandani akisikia vipi na akatoka akisikia vipi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, shabaha yangu ni karatasi hiyo. Mfanyakazi anayeacha kazi ya kelele apimwe masikio siku ya kuondoka, apewe nakala yake mkononi, aende nayo Kibiti au Muhoro. Faili linalobaki kwa mwajiri hufa pamoja na kiwanda; miaka ya 1990 ilitufundisha hilo vya kutosha.

Msimu uliopita nilimkuta mjomba dunguni, akilinda mpunga. Nguruwe na viboko huja usiku, na mlinzi huwasikia kabla ya kuwaona. Alikuwa na mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, ambaye kesho yake alikuwa na shule. Mzee alishika tochi na debe. Mtoto ndiye aliyekesha akisikiliza.