Titus Zeman: Mwalimu Aliyewavusha Wanafunzi Wake Mto Morava

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili 1950, nyumba za watawa wa kiume kote Czechoslovakia zilivamiwa kwa wakati mmoja. Polisi na wanamgambo wa chama waliingia na silaha, wakawaamsha mapadri, mabradha na wanovisi, wakawapakia kwenye magari na kuwapeleka katika konventi chache zilizogeuzwa kuwa kambi. Katika operesheni hiyo na ile iliyofuata mwanzoni mwa Mei, zaidi ya watawa 2,000 walizolewa. Masista nao walifikiwa kabla mwaka haujaisha.

Wakomunisti walikuwa wametwaa madaraka Februari 1948, na hawakulikabili Kanisa kwa pupa. Oktoba 1949 walitunga sheria zilizoanzisha ofisi ya serikali ya kusimamia mambo ya dini: mishahara ya mapadri ikalipwa na dola, na hakuna aliyeruhusiwa kufanya kazi ya kichungaji bila kibali cha dola. Mwaka uliofuata seminari za majimbo zilifungwa, zikabaki mbili tu, moja Praha na nyingine Bratislava, zote chini ya jicho la serikali. Mpango huo ulikuwa wa watu wenye subira. Padri mzee aachwe aendelee na misa yake hadi azeeke kabisa. Kijana anayejiandaa kumrithi asipate mwalimu, asipate kitabu, asipate askofu wa kumwekea mikono. Baada ya miaka 30 kazi ingekuwa imeisha yenyewe.

Aliyeliona jambo hili mapema, na kulijibu kama mwalimu, ni Titus Zeman.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1915 huko Vajnory, kijiji cha wakulima karibu na Bratislava, akiwa wa kwanza kati ya watoto kumi. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa. Alipopona ghafla akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alisema ni Bikira Maria aliyemponya, na kwamba atakuwa mwanawe siku zote kwa kujiunga na Wasalesiani. Hao ndio watawa wa Don Bosco, wale wale ambao Watanzania wanawajua kwa vyuo vyao vya ufundi Dodoma na Iringa; karama yao ni kulea vijana. Wazazi walimwona bado mdogo, lakini hakukubali, na mwaka 1927 akaingia nyumba yao ya Šaštín, penye basilika ya Mama wa Mateso Saba. Alifunga nadhiri za kwanza mwaka 1932 na za daima Roma mwaka 1938. Upadri aliupokea Turin, Italia, tarehe 23 Juni 1940.

Alirudi nyumbani, akaendelea na masomo ya sayansi, kisha akapangiwa kufundisha Trnava, katika sekondari iliyokuwa ya Kanisa. Masomo yake yalikuwa kemia na biolojia. Wakati huo shule za Kanisa huko Slovakia zilikuwa zimekwisha kutaifishwa, tangu vita vilipokuwa vinaelekea mwisho. Mwaka 1946 misalaba iliondolewa madarasani. Zeman alisimama kidete irudishwe, ikarudishwa, naye akafukuzwa kazi. Tarehe hiyo ina uzito wake, kwa kuwa tulio mbali huwa tunaanza kuhesabu mateso kuanzia 1948. Huyu alinyang'anywa darasa lake miaka miwili kabla, wakati nchi bado ina vyama vingi na uchaguzi. Shule ilitangulia kuchukuliwa, mengine yakafuata.

Konventi zilipovunjwa mwaka 1950, vijana wa Kisalesiani waliokuwa katikati ya masomo ya teolojia walibaki njia panda. Nchini hapakuwa tena na mahali pa kusomea bila kuikubali mikono ya dola. Turin palikuwapo. Zeman alipajua, kwa kuwa yeye mwenyewe alisomea huko, basi akajitolea kuwapeleka.

Safari zilipita karibu na Šaštín, hadi Mto Morava unaotenganisha Slovakia na Austria. Msomaji asidhani kwamba kuvuka mto kulikuwa ndiyo kuokoka. Hadi mwaka 1955 Austria iligawanywa na mataifa yaliyoshinda vita, na ng'ambo ya Morava palikuwa eneo la jeshi la Kisovieti. Kijana aliyetoka majini salama alipaswa kupenya eneo hilo hadi Vienna, kutoka hapo kuingia sehemu zilizoshikwa na mataifa ya Magharibi, ndipo ashike njia ya Italia. Kundi la kwanza lilivuka mwishoni mwa Agosti 1950 na kufika. La pili liliondoka Oktoba, nalo likafika. Mara zote mbili Zeman alikuwa upande wa uhuru, na wakubwa wake Turin wangeweza kumpa kazi akakaa. Alirudi.

Wengine walichagua njia nyingine, nayo ya heshima. Mjesuiti Ján Chryzostom Korec alibaki nchini, akawekwa wakfu kuwa askofu kwa siri Agosti 1951 akiwa na miaka 27, akawa mfanyakazi wa kiwandani huku akilea mapadri mafichoni. Sioni sababu ya kumpambanisha na Zeman. Mmoja alipeleka wanafunzi kwenye shule, mwingine alileta shule kwa wanafunzi. Wote wawili walielewa kwamba vita ilikuwa juu ya malezi.

Safari ya tatu ilianza tarehe 8 Aprili 1951. Mbali na vijana, walikuwamo mapadri wa majimbo waliokuwa wanasakwa na polisi wa siri. Maji ya machipuko yalikuwa yamejaza Morava hadi kufurika mashambani, na kuvuka kukashindikana. Wengi wa kundi walikamatwa, na Zeman pamoja nao.

Yaliyofuata ni miezi ya kuhojiwa na kupigwa. Kesi ilisikilizwa Februari 1952 mjini Bratislava: uhaini na ujasusi kwa ajili ya Vatikani. Mwendesha mashtaka alitaka anyongwe. Tarehe 22 akahukumiwa miaka 25.

Alihamishwa gereza hadi gereza: Ilava, Leopoldov, Mírov, Valdice. Palipomwumiza zaidi ni kambi za urani za Jáchymov, karibu na mpaka wa Ujerumani. Madini ya huko yalikwenda Umoja wa Kisovieti. Wafungwa waliyasaga, wakayapakia kwenye mapipa kwa mikono yao, bila kinga, huku vumbi likiingia mapafuni. Kwa mwalimu wa kemia, sidhani kama palihitajika mtu wa kumweleza vumbi hilo linafanya nini mwilini.

Aliachiwa kwa masharti tarehe 10 Machi 1964, moyo na mapafu vikiwa vimechakaa. Hakuruhusiwa kuadhimisha misa hadharani wala kugusa kazi ya vijana; akapewa kazi ya ghala. Alifariki Bratislava tarehe 8 Januari 1969, siku nne baada ya kutimiza miaka 54. Waliomfahamu wanakumbuka kauli yake kwamba hata angepoteza uhai, asingeuhesabu kuwa umepotea, iwapo mmoja tu wa aliowasaidia angekuwa padri badala yake. Wengi wao walikuwa mapadri.

Mwaka 1991 kesi yake ilirudiwa, akatangazwa hana hatia. Kanisa nalo lilikuwa na swali lake: aliyefariki hospitalini, karibu miaka mitano baada ya kutoka gerezani, anaitwaje mfiadini? Jibu lilitoka Februari 2017, Papa Fransisko alipoidhinisha kwamba kifo chake kilitokana na mateso ya kifungo alichotiwa kwa kuichukia imani. Tarehe 30 Septemba mwaka huo alitangazwa Mwenyeheri mjini Bratislava, na sikukuu yake ikawekwa tarehe 8 Januari.