Mafuta ya Mbegu kwa Ngozi: Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Mafuta ya mbegu hukamuliwa kutoka mbegu au kokwa za mimea na kupakwa mwilini ili ngozi isikauke. Nyeri imeinuka mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti hupasua midomo na visigino.

Ya zamani zaidi hapa ni ya mbarika (Ricinus communis). Wagikuyu waliyachanganya na udongo mwekundu wakajipaka, hasa siku za sherehe. Mbegu zake, zenye madoadoa na umbo kama la kupe aliyeshiba damu, hukaangwa kidogo, hutwangwa, kisha rojo huchemshwa majini mpaka mafuta yaelee na kuenguliwa. Hatua ya kuchemsha isirukwe kamwe. Mbegu mbichi ina risini, sumu kali sana. Mtoto akitafuna chache tu anaweza kufa. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta: hubaki kwenye mashudu, na joto huiharibu. Ndiyo maana mafuta yaliyoandaliwa vizuri hupakwa bila hofu, ilhali mashudu ghafi hayapewi mbuzi wala kuku. Kwa kuwa ni mazito na hunata, wengi huyachanganya na mepesi.

Mepesi hayo yanaweza kuwa ya makadamia, mti wa asili ya Australia unaopandwa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru, mara nyingi shambani mwa kahawa. Mwenye mzio wa kokwa hizo asiyapake.

Mukinduri (Croton megalocarpus) ni habari nyingine. Mbegu zake zimekamuliwa Nanyuki kwa ajili ya mitambo ya dizeli, na kwenye mitambo hiyo ndiko mafuta yake yanakofaa, si kwenye ngozi. Ndugu yake wa Asia, Croton tiglium, hutoa mafuta yanayobabua ngozi hadi malengelenge.

Hakuna mafuta ya mbegu yanayoweza kushika nafasi ya losheni ya kukinga jua. Jua la mlimani huunguza hata siku ya baridi, na kwa mwenye ualbino kutegemea mafuta badala ya losheni huweza kuishia kwenye saratani.

Mafuta mapya hujaribiwa kwanza ndani ya kigasha kwa siku moja au mbili. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, yaachwe. Ya dukani yawe na alama ya shirika la viwango la Kenya, KEBS. Ya nyumbani huwekwa kwenye chupa ya rangi nzito, mbali na dirisha na jiko, na yakianza kunuka uchachu hutupwa.