Tundu chini ya kamera: historia fupi ya skrubu, pleti na vibano

Ipindue kamera yako, tumbo liangalie juu. Katikati utaona tundu lenye hesi. Pima skrubu inayoingia humo na utapata kipenyo cha milimita 6.35. Namba ya ajabu, si ndiyo? Wajapani waliounda kamera hiyo wanatumia mita, wewe unatumia mita, na kiwanda cha China kilichotoa tripodi yako kinatumia mita. Lakini milimita 6.35 ni robo inchi kamili, na ukihesabu hesi zake utakuta 20 katika kila inchi. Hicho ni kipimo cha Uingereza ya enzi za treni za mvuke, na bado kinaamua leo hii nini kitashikana na nini kwenye begi lako.

Hili si jambo la kujifurahisha tu. Mtu yeyote aliyewahi kununua tripodi ya mtumba bila pleti yake anajua maumivu yake: mashine nzima, miguu mitatu mizuri, kichwa kinachozunguka vizuri, na haifai kitu kwa sababu kipande cha chuma cha ukubwa wa kiberiti hakipo. Ukienda dukani unaambiwa hiyo ya kwako ni ya kampuni fulani, haitoki siku hizi. Kwa nini skrubu ya mwaka 1841 inaingia kila mahali, na pleti ya miaka kumi iliyopita haiingii popote?

Tuanze na skrubu. Joseph Whitworth alikuwa mtengeneza mashine mjini Manchester. Wakati wake kila karakana ilikata hesi kivyake. Bolti ya karakana hii haikuingia kwenye nati ya karakana ile, na mashine ikiharibika mbali na kwao, fundi wa huko alilazimika kuchonga bolti upya. Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta kitu kilicho karibu na wastani wao. Mwaka 1841 akatoa pendekezo lake: pembe ya hesi iwe digrii 55, na kila kipenyo kiwe na idadi maalumu ya hesi kwa inchi. Robo inchi ikapata 20. Inchi 3/8 ikapata 16. Angalia ujanja wake: hakubuni hesi iliyo bora kuliko zote duniani, alichukua ile ambayo watu wengi wangeweza kuihamia bila kuumia sana.

Wamarekani hawakuridhika. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza pembe ya digrii 60, ambayo kwa fundi wa kawaida ni rahisi zaidi kuikata na kuipima. Hapo ndipo njia zikatengana. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina hesi 12 kwa inchi, ya Sellers ina 13, kwa hiyo haziingiliani kabisa. Usumbufu huo ulikuja kuwagharimu sana washirika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walipojaribu kutumia vipuri vya wenzao, na ndiyo maana mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini makubaliano ya hesi moja, ya digrii 60.

Lakini kwa robo inchi na kwa 3/8, Sellers alikuwa amebaki na idadi ileile: 20 na 16. Tofauti ni pembe tu, na kwa skrubu fupi inayoingia milimita chache, tofauti hiyo ya digrii tano haizuii kitu. Wapiga picha wakabahatika. Skrubu ya Mwingereza iliingia kwenye kamera ya Mmarekani, na hadi leo kiwango cha kimataifa cha ISO 1222, kinachohusu namna kamera inavyofungwa kwenye tripodi, kinazitaja hizohizo mbili.

Mwanzoni skrubu hata haikuwa na kazi kubwa. Kamera nyingi za mbao za mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwa na pete ya shaba iliyozama kwenye sakafu ya kamera, na miguu mitatu ya tripodi ilichomekwa moja kwa moja kwenye pete hiyo. Kamera yenyewe ndiyo ilikuwa kichwa cha tripodi. Kamera zilipopungua ukubwa, hasa baada ya Kodak ya George Eastman ya mwaka 1888 kuwaonyesha watu kwamba picha inaweza kupigwa mkononi, tripodi ikawa kifaa cha pembeni, cha kufunga na kufungua, na skrubu ikachukua nafasi yake. Nchi nyingi za Ulaya bara zilipendelea ile nene ya 3/8. Ndiyo maana mpaka sasa kwenye vifurushi vya tripodi unakuta kijipete cha shaba chenye hesi ndani na nje: kinaigeuza tundu la 3/8 kuwa la robo. Usikitupe. (Na ukiazima tripodi ya wapima ardhi ukidhani umepata dili, pole: skrubu yao ya kawaida ni 5/8.)

Sasa tatizo. Skrubu ya robo inchi inasogea milimita 1.27 kwa kila mzunguko. Ili iingie milimita tano unahitaji kuizungusha karibu mara nne, huku mkono mmoja umeshika kamera na jicho linatafuta tundu. Kwa mtu anayepiga picha ya mlima, hakuna shida, mlima haukimbii. Kwa mpiga picha wa harusi anayetoa kamera kwenye tripodi kila baada ya dakika mbili, ni adhabu.

Tatizo la pili ni la kifizikia na ndilo linaloangusha vifaa. Skrubu moja katikati ya sehemu laini haizuii kamera kuzunguka. Kinachozuia ni msuguano peke yake. Chukua kamera na lenzi zenye jumla ya kilo 2, na uzito wao umeegemea sentimita 4 mbele ya skrubu. Ukiilaza kamera upande ili upige picha ya wima, uzito huo unajaribu kuizungusha kamera kwenye skrubu kwa nguvu ileile ambayo ungeipata ukining'iniza gramu 800 kwenye ncha ya spana ya sentimita 10. Ukiilaza upande mmoja, mzunguko huo unakaza skrubu. Ukiilaza upande wa pili, unailegeza. Lenzi inainama polepole, picha baada ya picha, na mtu analaumu tripodi wakati tripodi haijasogea hata kidogo. Raba juu ya pleti inaongeza msuguano, ni kweli, lakini pia inabonyea, na kamera inatikisika juu yake kama mtu aliyelalia godoro la sponji.

Dawa ya tatizo la kwanza ilijulikana mapema: acha kipande kidogo kimefungwa kwenye kamera muda wote, na kipande kingine kwenye tripodi, viachane na kushikana kwa kitendo kimoja. Kila kampuni ikabuni umbo lake. Hasselblad ya Sweden ilikwenda mbali zaidi, ikaliunda umbo hilo kwenye mguu wa kamera zake za umbo la mraba, hivyo kamera ilitelezeshwa kwenye kiungio bila pleti ya kuongeza. Wazo la kuishika na kuiachia kamera haraka lilifika hata mwezini: mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 walitembea na kamera ya Hasselblad iliyokaa kwenye bano kifuani, juu ya kisanduku cha kuongozea mfumo wa kupumua. Ukiwa umevaa glavu nene, habari ya kuzungusha skrubu mara nne huwezi hata kuiwaza.

Pleti ambayo wengi wetu tumekutana nayo ni ya Manfrotto, kampuni iliyoanzishwa na Lino Manfrotto, mpiga picha wa Bassano del Grappa, Italia. Ile ndogo inayoitwa RC2 ni kazi nzuri sana ya uhandisi: unaishusha pleti, inabonyeza kipini, wenzo wenye springi unafyatuka na kuikamata. Mlio wake tu unakuambia imeshika. Kuna na kiwenzo kidogo cha shaba cha usalama ili usiifungue kwa bahati mbaya. Lakini umbo lake ni la nyumba hiyo, na hata ndani ya nyumba hiyohiyo pleti ya RC4 haiingii kwenye RC2. Hapo tumerudi kwenye karakana za kabla ya Whitworth: kila mmoja na hesi yake.

Aliyevunja ukuta huo hakukusudia kuuvunja. Arca-Swiss ni kampuni iliyoanzishwa na familia ya Oschwald mjini Zürich, ikijulikana kwa kamera kubwa za studio. Siku hizi iko Besançon, Ufaransa. Vichwa vyao vya tufe vilikuwa na kibano chenye mataya mawili yaliyoinama digrii 45, na pleti yake ilikuwa reli yenye mbavu zilizoinama vilevile, pana chini na nyembamba juu, upana wake kama milimita 38. Seremala wa droo analijua umbo hili miaka mingi: meno yanayopanuka kuelekea ndani hayachomoki ukivuta.

Uzuri wake uko kwenye ule mwinamo. Taya linasukuma kwa ulalo, lakini kwa kuwa ubavu umeinama, sehemu ya nguvu hiyo inaivuta pleti kwenda chini, chuma juu ya chuma, bila raba. Kibano kikilegea kidogo, pleti haiwezi kunyanyuka; inachoweza ni kuteleza kwa urefu, na kwa hiyo pleti nzuri huwa na vijiskrubu viwili vya kuzuia kwenye ncha. Pia reli haina urefu maalumu. Unaweza kuwa na pleti ya sentimita 5 ya kamera ndogo au reli ya sentimita 20 ya lenzi ndefu, na zote zikakaa kwenye kibano kimoja, ukizisogeza mbele na nyuma mpaka uzito ukae sawa. RC2 haiwezi kufanya hivyo.

Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa wanyama na mandhari wa Marekani walilipenda umbo hili, na karakana ndogo za huko kama Kirk, Really Right Stuff na Wimberley zikaanza kutoa pleti zilizochongwa kufuata kila aina ya kamera, zenye ukingo unaokumbatia mwili wa kamera ili isizunguke. Tatizo la msuguano likaisha kwa ukingo wa milimita chache. Kisha likaja bano la umbo la L: reli moja chini ya kamera, nyingine ubavuni. Ukitaka picha ya wima huilazi kamera tena, unaitoa na kuiweka kwa ubavu wake, na uzito unabaki juu ya katikati ya miguu. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika historia hii, na ni kipande tu cha alumini kilichopindwa.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na Whitworth. Umbo la Arca lilienea kwa watu kupima pleti za wenzao na kuiga, bila kiwango rasmi kinachosema upana ni huu na kosa linaloruhusiwa ni hili. Kibano cha kuzungusha kwa kitasa hakijali, kinafuata upana wowote. Kibano cha wenzo kinafungwa kwa umbali mmoja tu: pleti nyembamba kwa nusu milimita inacheza ndani yake, na pana kidogo haifungi. Arca-Swiss wenyewe baadaye walitoa umbo la pili, jembamba zaidi, wakaliita MonoballFix, huku dunia nzima ikiendelea kuiga lile la kwanza. Manfrotto nao wakasalimu amri kwa heshima: pleti yao ya 200PL-PRO inaingia kwenye RC2 na kwenye vibano vya Arca.

Kwa hiyo ukienda dukani, hasa kwenye vifaa visivyo na jina ambavyo wengi wetu ndivyo tunavyomudu, chukua kichwa chenye kibano cha umbo la Arca, na kiwe cha kitasa cha kuzungusha, si cha wenzo. Utachelewa sekunde mbili, lakini kila pleti utakayookota itakaa. Pleti iwe na ukingo wa kuzuia kamera isizunguke, hata kama si ya kamera yako hasa. Ukiwa na lenzi ndefu yenye mguu wake, funga reli kwenye mguu huo kwa kuufuata urefu wa lenzi, na kumbuka kukigeuza kibano digrii 90, kwa sababu reli ya kamera hukaa kwa kukingama. Skrubu ya pleti nyingi inakazwa kwa spana ya Allen. Ibandike kwa gundi ya karatasi kwenye mguu wa tripodi. Na kama unaenda Serengeti, ambako kazi inafanyikia ndani ya gari, acha vyote hivyo nyumbani: wenye uzoefu huweka lenzi dirishani juu ya mfuko wa maharage.

Kabla ya kulipa, funga pleti ya muuzaji kwenye kibano bila kamera, ishike kwa vidole viwili na ujaribu kuitikisa. Ikitoa mlio wowote, omba nyingine.