Kimeng'enya cha London, tumbo la mbega wa Kwale

Historia ya lisozimu husimuliwa kuanzia London. Mwaka 1921, katika Hospitali ya St Mary's, Alexander Fleming alichukua kamasi za mafua yake mwenyewe, akaziweka kwenye bakteria aliokuwa akiwakuza maabarani, akaona bakteria wale wakiyeyuka. Mwaka uliofuata alitangaza matokeo yake: kimeng'enya hicho kimo pia katika machozi, mate na ute wa yai. Hukata minyororo ya sukari inayoshikilia ukuta wa seli ya bakteria, na ukuta ukishalegea, maji huingia, seli ikapasuka. Kwa bahati mbaya waliouawa kwa urahisi ni bakteria wasio na madhara makubwa, huku wengi wa wale wanaoleta maradhi mazito wakistahimili. Fleming alipokuja kugundua penisilini mwaka 1928, macho yote yakageukia huko, na lisozimu ikabaki kutajwa kwa mstari mmoja tu katika vitabu vya tiba. Naona hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. Tukiipima lisozimu kwa idadi ya magonjwa inayoponya tu, tunaacha nje kazi yake mojawapo kubwa, ambayo ni kulisha. Ushahidi wa kazi hiyo umo katika misitu ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya.

Mbega wa pwani ya kusini, mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, huishi kwenye miti ya Diani, Shimba Hills, misitu ya kaya (misitu mitakatifu ya Mijikenda) na vipande vya msitu vilivyosalia kuelekea Msambweni. Sehemu kubwa ya chakula chake ni majani, na majani yamejaa selulosi, ambayo mnyama anyonyeshaye hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kuivunja. Mbega ameipatia kazi hiyo vibarua. Tumbo lake limegawanyika, na sehemu ya mbele, isiyo na asidi kali, ni makazi ya bakteria wanaochachusha majani. Uchachushaji huo humpatia asidi nyepesi anazozitumia kama nishati. Lakini bakteria nao wanakua na kuongezeka, wakijijengea miili kwa naitrojeni iliyokuwa katika majani. Kama mbega hangekuwa na njia ya kuwafungua, utajiri huo ungempita ukatoka na kinyesi. Wanaposukumwa hadi sehemu ya tumbo yenye asidi, hukutana na lisozimu kwa wingi. Kuta zao huvunjwa, na protini iliyokuwa ndani yao inakuwa mlo. Ng'ombe wa Kinango anafanya vivyo hivyo, ila yeye hucheua.

Ulinganisho huo na ng'ombe ndio uliowapa wanasayansi hoja yao nzito zaidi. Mwaka 1987 Caro-Beth Stewart na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na James Schilling, walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa lisozimu ya ng'ombe na ya langur, kima wa Asia aliye katika ukoo mmoja na mbega. Koo za ng'ombe na kima zilitengana kabla dinosaria hawajatoweka. Hata hivyo, lisozimu zao za tumboni zilikuwa zimebadilika kwa namna inayofanana: zinafanya kazi vizuri penye asidi, hazimeng'enywi kwa urahisi na pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini, na zina mabadiliko kadhaa ya asidi amino yaliyotokea mahali pale pale. Mwaka 1997 Stewart na Walter Messier walirudi na jeni za kima wengi zaidi, wakaonyesha kuwa mabadiliko hayo yalifanyika kwa kasi katika babu wa kima wala majani. Miongoni mwa waliochunguzwa alikuwamo Colobus angolensis, spishi ya mbega wetu wa Diani.

Mtu makini atauliza kama mfanano huo si bahati nasibu. Protini hii ina asidi amino takriban 130, na mabadiliko machache yanaweza kugongana bila sababu. Swali ni halali. Lakini mwaka 1994 maabara ya Wilson ilitoa habari za hoatzin, ndege wa Amerika Kusini anayechachusha majani katika gole lake: lisozimu yake, iliyotoka katika tawi jingine kabisa la familia ya protini hizi, nayo imeelekea upande ule ule. Bahati hairudii njia moja kwa ng'ombe, kima na ndege. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: pengine lisozimu tumboni ni ulinzi tu, kama ilivyo machoni. Jibu linatoka kwa kimeng'enya kingine. Bakteria wana RNA nyingi, na RNA ina naitrojeni nyingi. Jianzhi Zhang na wenzake walionyesha mwaka 2002, kwa kima wa Asia, kuwa jeni ya kimeng'enya cha kongosho kinachovunja RNA imejirudufu, na nakala yake mpya imebadilika ili ifae katika utumbo mdogo wa mla majani. Mwaka 2006 Zhang akaonyesha jambo hilo hilo limetokea peke yake kwa mbega wa Afrika. Mnyama anayejilinda tu hana haja ya kuwa na vifaa vya kumeng'enya hata RNA ya adui aliyekwisha kufa.

Ndiyo maana mambo haya si ya maabara pekee. Nyani wa Diani anaweza kuishi kwa mabaki ya jikoni za hoteli, mbega hawezi. Mkate na matunda matamu ya watalii huchacha upesi mno katika tumbo lake, asidi ikapanda, bakteria wanaomlisha wakaharibika. Anahitaji miti ya aina nyingi iliyo karibu karibu, na nchini Kenya mbega wa aina hii hana makazi mengine nje ya Kwale. Shirika la Colobus Trust lilianzishwa Diani mwaka 1997, mbega walipokuwa wakigongwa sana na magari, likatundika ngazi za kamba juu ya barabara. Kazi hiyo imeokoa maisha, nami naithamini kwa dhati. Hata hivyo, ngazi inampitisha mbega kutoka mti hadi mti, na kila kiwanja kinachofyekwa kando ya ufuo kinapunguza miti ya upande wa pili. Kaya Kinondo, iliyo miongoni mwa misitu ya Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, bado imesimama kwa sababu wazee walikataza kukata miti yake, na majani yake bado yanawalisha bakteria wa mbega.